Maji ya Shahidi

"Sikupiga dawa," alisema Mzee Mbaruku kwa mara ya nne. "Nilisuuza pampu. Kusuuza pampu na kupiga dawa ni vitu viwili, Hamida. Hata mtoto anajua."

"Na maji ya kusuuzia uliyamwaga wapi?"

"Sikuyamwaga."

"Baba mdogo, maji hayakai kwenye pampu mpaka Idi. Yalikwenda wapi?"

"Hujaniamkia. Umefika tu na kesi mkononi. Huko kwenu Area D ndivyo watu wanavyoamka siku hizi?"

"Shikamoo. Yalikwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yalikwenda kwenye ukoka."

"Ukoka upi?"

Mzee Mbaruku akaivua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

Hamida alikuwa ameshika jani moja kati ya vidole viwili. Juu ya jani palikuwa na madoa meupe, madogo kama chembe za chumvi, ambayo hayaletwi na mvua wala umande. Ilikuwa dawa iliyokauka. Jani lenyewe alikuwa amelichuma kwenye ploti ambayo tangu mwezi wa nne haikutakiwa kuonja hata tone.

"Ukoka upi, baba mdogo?"

"Ule wa shahidi," alisema mzee. "Wote wanne."

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika baridi ya Juni. Shamba lilikuwa mbele kidogo ya Msalato, kando ya barabara ya Kondoa: ekari tano za ukoka uliopandwa kwa mistari, ukamwagiliwa na kuwekewa mbolea kama kitu cha maana. Wapita njia walikuwa wakisimama kushangaa. Ukanda huu mzima ukoka ni adui. Mkulima huung'oa kwa jembe, huuanika juani, huuchoma moto, na mvua ikinyesha unarudi kumsabahi. Mzee Mbaruku mwenyewe aliung'oa miaka hamsini huko kwao Kondoa, na siku ya kwanza alipopewa kazi ya kuutunza alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye wazo alikuwa Hamida. Alikuwa na stashahada ya kilimo, watoto watatu, na tabia ya kusema jambo mara moja tu. Alimwambia mwenye shamba, Abdulwahab, kwamba mji unajenga ofisi, hoteli na viwanja vya mpira, na kila anayejenga anataka kijani mbele ya mlango wake, na mbegu ya kijani hicho inaagizwa kutoka ng'ambo. Kwa nini isitoke hapa, penye jua la kukaushia mbegu mwaka mzima? Abdulwahab alikuwa mtu wa duka, wa ukoo uliouza vitu Dodoma tangu enzi za misafara. Alisikiliza, akauliza maswali matatu, yote ya maana, kisha akang'oa mizabibu yake.

"Msimu mmoja, mtaalamu," alimwambia. "Mbegu isipotoka, narudisha zabibu, na wewe utafute shamba lingine la kufanyia sayansi yako."

Mwezi wa nne kutu ikaingia. Si kutu ya bati. Ni ugonjwa wa ukungu, ila jina ni lile lile kwa sababu ukiuona huhitaji kuelezwa. Jani hutoka vijipele, vijipele hupasuka, na ndani yake hutoka unga wa rangi ya bizari. Unga huo ukipeperuka umekwenda kuambukiza jani la jirani. Nyasi ya kukanyagwa inaweza kuishi na kutu mpaka ikachoka. Nyasi ya mbegu haiwezi. Ikiingiliwa wakati masuke yanatoka, utavuna mapepe, maganda matupu.

Hamida alitaka dawa siku hiyo hiyo. Abdulwahab akasema kila muuza dawa anaisifu dawa yake kama mama anavyomsifu bintiye mbele ya wachumba, na yeye hanunui sifa. Wafanye jaribio kwanza. Hamida, kusema haki, alilipenda jibu hilo. Alichagua kona ya chini karibu na tangi la maji, ambako umande unachelewa kukauka na kutu ilianzia huko. Akapima ploti ishirini, kila moja hatua sita kwa tatu, akagonga vigingi, akafunga kamba. Dawa zilikuwa nne, na kila moja ilipewa ploti nne zilizotawanywa ili bahati ya udongo isipendelee yeyote. Ploti nne zilizosalia zisipewe kitu. Chuoni ploti za namna hiyo zilikuwa na jina la Kizungu. Hamida hakuona sababu ya kulileta Msalato. Aliziita shahidi.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya baba yake mdogo, mdogo wa mwisho wa marehemu baba yake, mtu ambaye Hamida mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hii, na alikuwa akijaribu kuelewa.

"Nilikueleza kuwa shahidi hapewi kitu," alisema. "Nilikueleza mbele ya vibarua wa palizi. Na kila wiki nilikuuliza kama umepiga dawa kwa shahidi, ukaniambia hapana."

"Na ni kweli sikupiga."

"Baba mdogo!"

"Subiri. Na mimi nina maneno yangu." Mzee aliinua kidole. "Uliniambia, baba mdogo, kabla hujaweka dawa nyingine suuza pampu mara tatu. Uliniambia, hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliandika na karatasi, ukabandika stoo. Suuza mara tatu. Je, uliandika yamwagwe wapi?"

Hamida aligeukia stoo. Aliiona karatasi akilini, mwandiko wake mwenyewe, namba moja mpaka tisa. Mchanganyo wa dawa, urefu wa nozeli, mwendo wa miguu, glovu, barakoa. Hakuandika yamwagwe wapi. Yeye alijua. Akadhani kujua kwake kunatosha shamba zima.

"Basi mimi nina maji ya pampu, mara tatu, na ndani yake mna dawa ya watu iliyonunuliwa kwa hela," aliendelea mzee. "Niyamwage chini? Huo ni israfu. Mimi nimekua tukichota maji bondeni na kuyapandisha mlimani kichwani, Hamida. Simwagi maji. Halafu hapo kando nawaona hawa wanne wanaugua. Wewe mwenyewe ulisema, hawa ni shahidi, wao wataugua na kufa ili wenzao wapone. Maneno yako. Mimi nikasema moyoni, hawa kweli ni shahidi. Hata mtu anayekata roho hudondoshewa maji mdomoni. Ndiyo dini na ndiyo utu. Shahidi afe na kiu, na mimi nimeshika maji?"

Hamida alifumba macho kidogo.

"Shahidi wa mahakamani," alisema. "Baba mdogo, nilisema shahidi wa mahakamani. Anayekuja kusema alichokiona."

Mzee Mbaruku alilitafakari neno hilo kama mtu anayegeuza sarafu kuona upande wa pili.

"Aa," alisema. "Huyo wa kula kiapo."

"Huyo. Na wewe umempa chai. Umempa chai mara tatu, ya dawa nne zote. Sasa anasimama mbele ya hakimu anasema hakuna aliyeiba."

"Mimi nilidhani ni wale wa peponi."

"Nimeelewa ulichodhani."

Kwa kibarua mwingine angejua la kufanya. Watoto wake walipovunja kitu hakuwa na haja ya kupaza sauti. Aliuliza ni nani, akampa ufagio huyo, yakaisha. Lakini huyu hakuvunja kitu kwa uzembe. Alifanya kazi zaidi ya alivyoagizwa. Hamida alifungua daftari, akamwonyesha ingawa mzee alisoma kwa shida.

Jana mchana alikuwa amehesabu majani mia katika kila ploti na kuandika mangapi yana kutu. Dawa ya kwanza, ile ya bei nafuu, ilitoa wastani wa thelathini na moja. Ya pili kumi na nne. Ya tatu manne tu. Ya nne tisa. Na shahidi, ambao kwa haki ya Mungu walitakiwa kuwa wamekwisha, kumi na moja.

"Kwa hiyo shahidi wamewashinda hata wawili wenye dawa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, akaimeza.

"Wamewashinda. Na bosi alipita jana jioni akawaona. Amenipigia simu anacheka. Amesema, mtaalamu, kumbe hata bila dawa ukoka unapona wenyewe, sasa dawa ya nini? Leo anakwenda nikaha Kondoa, anapitia hapa saa moja na nusu kuchukua hesabu. Nikimpa hii, hanunui dawa. Masuke yameanza kutoka. Wiki mbili bila dawa, hakuna mbegu. Bila mbegu hakuna shamba."

Mzee Mbaruku alitazama ekari tano zile. Kwa mbali zilipendeza. Kwa mbali kutu haionekani. Kwa mbali hata mgonjwa aliyelazwa anaonekana amelala tu.

"Wasingepata maji yangu, wangekuwa ngapi?" aliuliza.

"Sitini. Sabini."

"Basi andika sitini."

Hamida alimtazama.

"Unajua ingekuwa sitini," alisema mzee taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Si uongo wa kuiba. Ni kurudisha pale nilipoharibu. Kalamu unayo. Yeye hajui kuhesabu majani. Ananunua dawa, ukoka unapona, mbegu zinatoka, na mimi sitafukuzwa kazi uzeeni. Nani ameumia hapo?"

Kalamu kweli alikuwa nayo, na ilikuwa ya risasi. Nambari kumi na moja ilikuwa imeandikwa kwa wepesi. Ufutio ungeiondoa mara moja. Na mzee alikuwa sahihi kuhusu sitini. Hilo ndilo lililomuudhi Hamida. Lau angekuwa amekosea, ingekuwa rahisi kumkatalia.

Akafikiria mwakani. Mwakani Abdulwahab angesema fanya jaribio tena, lile la mwaka jana lilitusaidia. Na yeye angekuwa na daftari lenye nambari moja ambayo haikuhesabiwa na mtu, na kila nambari itakayofuata ingebidi ikae nayo chumba kimoja. Uongo ukishaingia daftarini hulishwa kila siku kama kuku wa kisasa, na siku ukiusahau unakufa, na harufu inajaza nyumba.

"Hapana," alisema, akafunga daftari.

"Mwanangu."

"Hapana, baba mdogo. Nitamwambia ilivyokuwa."

"Pamoja na mimi?"

"Pamoja na wewe. Na pamoja na karatasi yangu ya stoo isiyosema yamwagwe wapi."

Mzee Mbaruku alikwenda kukaa kwenye ukingo wa tangi, mgongo umenyooka, kama mtu aliyefika mapema hospitali.

Abdulwahab alifika saa moja na dakika arobaini. Aliegesha gari nje ya geti, akatembea kwa uangalifu kwenye njia ya changarawe, kwa sababu alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe pe, na viatu vya kufunika vya ngozi nyeusi. Harufu ya udi ilimtangulia.

"Mtaalamu, habari za asubuhi. Mzee Mbaruku, shikamoo."

"Marahaba."

"Nina dakika kumi. Bwana harusi ni mpwa wangu, nikichelewa dada yangu atanitoa kwenye urithi. Nipe hesabu."

Hamida akampa, akaelezea kila mstari, na alipofika kwa shahidi akasema yote. Hakumzungusha. Alisema maji ya kusuuzia pampu yalinyunyizwa kwenye ploti zisizotakiwa kupewa kitu, mara tatu, na aliyenyunyiza ni Mzee Mbaruku, na aliyesahau kuandika yamwagwe wapi ni yeye. Shahidi hawana tena ushahidi.

Abdulwahab alisikiliza bila kukatiza. Hamida alipomaliza, akamgeukia mzee.

"Ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni shahidi wa peponi," alisema Mzee Mbaruku.

Kwa sekunde mbili uso wa Abdulwahab ulitaka kucheka. Kisha mfanyabiashara akarudi mahali pake.

"Miezi miwili," alisema. "Dawa nne, vibarua, maji, miezi miwili. Hamida, mimi niliomba kitu kimoja tu, nione tofauti kati ya kununua dawa na kutonunua. Ndicho kitu pekee kilichoharibika."

"Ndicho."

"Kwa hiyo huna la kunionyesha."

"Nina la dawa kwa dawa. Dawa ya tatu imezishinda zingine tatu katika kila safu. Hilo maji ya mzee hayakuligusa."

"Hilo linaniambia ninunue ipi. Haliniambii kama ninunue. Huenda kutu yenyewe imejiondokea. Baridi imeingia. Mimi naona kijani." Alinyoosha mkono kuelekea shambani, mkono wa kanzu ukapepea. "Niambie wewe, ungekuwa na duka, ungetoa hela kwa mwenye mashahidi walioharibika?"

"Nisingetoa."

"Basi."

"Nifuate," alisema Hamida.

"Wapi?"

"Shambani. Katikati. Umekuwa ukitazama kutoka barabarani na kutoka hapa kwenye ploti. Kule hakujapigwa dawa, na maji ya kusuuzia hayakufika. Pampu haina miguu."

"Nina kanzu, mama."

"Dakika kumi zako zimebaki sita."

Hamida alikuwa ameshaingia. Abdulwahab alisonya, akashika kanzu kwa mikono miwili kuiinua kidogo, akamfuata. Ukoka uliwafika chini kidogo ya magoti, una umande bado, na masuke machanga yalitoka juu yake kama vidole vya kuku. Hatua kumi za kwanza hakuna kilichoonekana. Hamida hakusimama. Alikata katikati ya shamba, akakunja kushoto mahali bonde linapolala kidogo, akatembea mpaka upande wa pili bila kugeuka, kisha akarudi kwa mstari mwingine. Nyuma yake alimsikia bosi akihema na kulalamika juu ya viatu. Mara moja aliachia kanzu ili asianguke kwenye mfereji, na baada ya hapo hakuiinua tena.

Walipotokea tena kwenye njia ya changarawe, Hamida akageuka.

"Jitazame."

Abdulwahab akajitazama. Viatu vyake havikuwa vyeusi tena. Na kanzu, kuanzia upindo mpaka usawa wa magoti, ilikuwa na rangi ya bizari. Mbele kidogo, nyuma zaidi, na pale umande ulipoilowesha rangi ilikuwa imeshika kama iliyotiwa jikoni. Alijaribu kuikung'uta. Unga ukapanda hewani, ukaonekana wazi juani, ukashuka kwenye mikono yake.

"Lahaula," alisema.

"Usikung'ute, unaipanda kutu."

"Hamida, hii ni kanzu ya nikaha!"

"Naona."

"Umeniharibia kanzu kwa makusudi!"

"Si mimi, ni kutu. Mimi nimekutembeza tu." Alikwenda bombani, akarudi na ndoo ya maji, akaiweka mbele yake. "Kila doa hapo lilikuwa juu ya jani lako. Wiki ijayo litakuwa juu ya suke. Kanzu itafuliwa. Suke halifuliki."

Mzee Mbaruku, kwenye ukingo wa tangi, alikuwa amegeuza uso pembeni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Abdulwahab alichovya upindo kwenye ndoo, akasugua. Rangi ilififia kidogo, ikaenea zaidi. Akaacha. Akatazama shamba ambalo kwa mbali lilikuwa bado kijani, kisha akatoa simu mfukoni kwa vidole viwili vilivyo safi. Alimpigia mwenye duka la pembejeo mjini, akamwamsha kwa sauti yake, akataja dawa ya tatu. Akamuuliza Hamida ni lita ngapi. Hamida akasema stoo ipo ya ekari mbili, iletwe ya ekari tatu. Akataja kiasi. Akasikia bosi akibishana kuhusu bei mpaka ikashuka, kwa sababu hata mwenye kanzu ya bizari ni mwenye duka.

"Inafika saa nane mchana," alisema akikata simu. "Umefurahi?"

"Nitafurahi mbegu zikitoka. Tunaanza sasa na ile iliyopo. Umande unakauka, upepo haujaamka."

"Subiri." Abdulwahab alishusha sauti, ingawa mzee alikuwa karibu vya kutosha kusikia. "Jambo moja. Mzee asishike pampu tena. Simfukuzi kwa matusi, ni mtu mzima, nampa shikamoo yake. Lakini ameniharibia miezi miwili kwa huruma. Mtu mwenye huruma na pampu ni hatari kuliko mwizi, maana mwizi utamlinda. Nikirudi Jumapili nikakuta ameshika pampu, dawa ya ekari tatu inarudi dukani, na ukoka ujitibu wenyewe."

"Hakuna anayepiga dawa kama yeye hapa. Vibarua wa palizi hawajui hata kufungua koki. Yeye anatembea hatua moja, mstari mzima, hakuna jani linalorukwa."

"Sijasema hajui. Nimesema asishike."

"Bosi, kosa la karatasi ni langu."

"Hata wewe ningekuondoa, kama ningekuwa na mwingine." Alisema bila hasira, kama anayetaja bei. "Nimesema nilichosema. Mzee Mbaruku, tutaonana, in shaa Allah. Wasalimie nyumbani."

Akaenda. Aliingia garini akiwa ameitenga kanzu na kiti kwa gazeti, akaondoka kuelekea Kondoa.

Mzee Mbaruku aliteremka kwenye tangi. Alikwenda stoo moja kwa moja, akatoka na pampu ya lita kumi na sita, akaijaza nusu maji, akapima dawa ya tatu kwa kikombe cha vipimo akiwa ameinua kikombe usawa wa jicho, akamimina, akajazia maji, akakoroga. Kila kitu kwa mpangilio wa karatasi. Kisha akaivaa mgongoni, akafunga mkanda wa kifuani.

"Umemsikia," alisema Hamida.

"Nimemsikia."

"Basi?"

"Basi ameondoka. Leo yuko nikaha, kesho wanakula pilau, Jumapili ndiyo anarudi. Mimi ekari mbili namaliza leo jua likiwa juu, tatu kesho. Jumapili anakuta kazi imeisha na mimi niko msikitini. Nani atamwambia?"

Lilikuwa swali la haki. Vibarua wasingesema, walimpenda mzee, aliwapa tumbaku. Na ekari mbili kwa mgongo wa miaka sitini na minne uliozoea zilikuwa kazi ya siku moja. Kwa mgongo wa Hamida, ambao tangu mtoto wa tatu ulikuwa na maneno yake, zilikuwa siku moja na nusu, kama si mbili. Kutu isingengoja kwa heshima.

"Mimi," alisema Hamida.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nitakayemwambia. Akiuliza nitamwambia, na ataniuliza. Nivulie pampu, baba mdogo."

Mzee alimtazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakimpima, kama anayepima mzigo na punda.

"Umechagua ukoka kuliko mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nimekubeba wewe, unajua? Baba yako alipokwenda kutafuta kazi mjini, nilikubeba mgongoni kutoka Kondoa mjini mpaka kwa bibi yako, una homa."

"Najua. Kazi yako hapa ilikuwa pampu, na pampu huna tena. Mshahara wako wa mwezi huu nitahakikisha unaupata wote, na nitakutafutia kazi Miyuji kwa watu wa miche. Hutashika dawa, utashika miche. Lakini pampu hii nivulie, upepo unaamka."

Mzee Mbaruku alifungua mkanda wa kifuani. Akashusha pampu, akaisimamisha kwenye benchi la mbao nje ya stoo. Hamida akavaa ovaroli juu ya gauni lake, akafunga mtandio kwa nyuma, akavaa mabuti, glovu na barakoa. Akageuza mgongo, akapiga goti kidogo, akaingiza mikono kwenye mikanda. Uzito ulimvuta nyuma.

"Simama hivyo," alisema mzee. "Hii mikanda ni ya mwanamume. Itakukata mabega."

Akavuta mkanda wa kulia, akaukaza mara mbili. Akavuta wa kushoto, akalinganisha, akapitisha kidole chini yake kuona kama unabana. Akafunga ule wa kifuani mwenyewe, kisha akageuza nozeli ikatazama chini.

"Usiilaze. Ukiilaza inatema pembeni. Mkono wa kushoto upampu usisimame, hata ukichoka usisimame, maana mstari utaingia mapengo. Na usitazame nyuma."

"Asante, baba mdogo."

Mzee alichukua bakora yake ukutani, akashika njia ya kwenda barabarani. Hamida hakumsindikiza kwa macho. Alitembea mpaka kona ya chini, akasimama kwenye mwanzo wa mstari wa kwanza, akapampu mara sita mpaka akasikia hewa imekaza ndani ya pampu, akafungua koki, akaanza.